Tulipokula Arbuni za Mabiharusi



Wiki mbili zilizopita aliingia binti mmoja dukani kwetu, mwanafunzi wa chuo kikuu, mwaka wa pili, kavaa abaya ya kijivu na begi la kompyuta mgongoni. Hakuja kushona. Alikuja kutuonesha simu yake. Yeye na wenzake wawili wametengeneza programu. Biharusi anaifungua, anaangalia magauni ya mafundi wa hapa mjini, anachagua, anatuma vipimo vyake na anatanguliza arbuni kwa simu. Wao wanampelekea fundi kazi na wanakata chao kidogo. Alitaka na sisi tuingie. Mambo mazuri mashaallah, na picha zao zilikuwa safi kuliko zetu za ukutani.

Tukamkaribisha juisi ya ukwaju, tukamuuliza ni mabiharusi wangapi wameshalipa. Kumi na mmoja. Tukamuuliza na hizo pesa zao ziko wapi sasa hivi.

"Ziko kwenye mzunguko, dada."

Hapo tulitazamana. Maneno hayo tuliwahi kuyasema sisi, karibu hivyo hivyo, kumwambia mama mmoja aliyekaa barazani kwetu Kikwajuni hali ya kuwa kesho yake anamwoza mwanawe. Basi tukafunga mlango, tukamsimulia. Na kwa kuwa wengi wenu ni mabiharusi, na wengine mna fikra za kuanza biashara mkiwa bado masomoni, tunakusimulieni na nyinyi.

Tulikuwa watatu, tumemaliza skuli ya sekondari, na tupo kwenye kozi ya ushoni. Mwaka ulikuwa 2009. Darasani tulikuwa tunafundishwa kukata sare za skuli na sketi za pande sita, lakini macho yetu yalikuwa kwenye magauni ya harusi. Wakati ule biharusi wa Unguja alikuwa na njia mbili: akodi gauni lililovaliwa na watu kumi, zipu imeshachoka, au aagizwe gauni kutoka Dubai na jamaa mwenye uwezo. Sisi tukasema kuna njia ya tatu katikati, gauni jipya la kushonwa hapa hapa, la stara, mikono mirefu, kifua kimefungwa, asilazimike kuvaa blauzi ndani kama amekosea kuvaa. Hilo tulilifikiri vizuri, na mpaka leo ndilo linalotulisha.

Mtaji tulikubaliana kila mtu atoe 120,000. Wawili walitoa. Wa tatu hakuwa na fedha ila alikuwa na charahani ya miguu aliyoachiwa na shangazi yake, akasema hiyo ndiyo hisa yake. Sote tukasema sawa. Hatukuandika ni hisa ya shilingi ngapi, wala kama charahani imekuwa ya biashara au imeazimwa. Tulikuwa mashoga, tunakula sahani moja, nani ataandika?

Tukapanda boti, tukenda Kariakoo, Mtaa wa Kongo, tukanunua lesi, satini, neti na bitana. Tukashona magauni mawili ya mfano. Idd ya Ramadhani ilipita, Mfunguo Mosi ukaingia na harusi zake, na wallahi watu walikuja. Gauni la kukodi 50,000, la kushonewa 180,000, nusu yake arbuni. Mchana tuko darasani, jioni mpaka usiku tuko chumba cha mbele kwa bibi yake mmoja wetu. Bibi alikuwa anatuletea chai ya mchaichai na kulalamika kwamba sindano zimemjaa kwenye mkeka. Tulikuwa na raha sana, tuseme ukweli. Watu wakituhadithia habari za biashara kufeli wanaanza na shida, lakini yetu ilianza na raha, na raha ile ndiyo iliyotufumba macho.

Mwisho wa Novemba tulikuwa na mabiharusi tisa walioweka arbuni, 90,000 kila mmoja, harusi zao kuanzia mwisho wa Disemba mpaka Februari. Jumla 810,000. Hatujawahi kushika fedha kama ile. Zilikaa kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda cha bibi.

Tuseme "zilikaa", maana kila siku zilitoka kidogo. Kibao cha mbele ya nyumba, 60,000, chenye maua na majina yetu matatu. Kadi za biashara, 45,000, ambazo nyingine bado tunazo, tunaandikia vipimo nyuma. Mashine ya ovaloki ya umeme iliyokwishatumika, 280,000. Vitambaa na vijiwe vya kung'aa vya kumalizia magauni ya mabiharusi waliotangulia, 160,000. Na 200,000 alizikopa mmoja wetu, mama yake alikuwa anapelekwa Dar kwa matibabu. Msituulize ni nani. Tulikubaliana tangu siku ile tutasema "sisi", kwa sababu wawili waliobaki waliona akichukua na wakanyamaza. Aliyenyamaza kwa huruma na aliyenyamaza kwa kuona haya, wote walinyamaza.

Kwa hiyo ukifanya hesabu, kopo lilikuwa na 65,000. Hesabu hiyo hatukuifanya. Tulikuwa tunajua tu kwamba biashara inakwenda, kwa sababu kila mara akija biharusi mpya analeta 90,000 na kopo linajaa tena. Tulikuwa tunamshonea Asha kwa pesa ya Mwanaisha, na Mwanaisha tutamshonea kwa pesa ya ambaye hajaja. (Majina ya kupigia mfano tu hayo.) Mzunguko huo unakwenda vizuri kabisa mpaka siku moja asije mtu.

Na asiyekuja alikuwa umeme.

Wale waliokuwepo Unguja wanaikumbuka Disemba ya 2009. Waya wa chini ya bahari unaotuletea umeme kutoka Bara ulipata hitilafu, na kisiwa kizima kikakaa gizani miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Si kwamba hatukujua linaweza kutokea. Mwaka mmoja tu kabla yake, 2008, tulikaa karibu mwezi mzima bila ya umeme. Na bado tukanunua ovaloki ya umeme kwa pesa za watu.

Charahani ya miguu haikuhitaji umeme, alhamdulillahi. Lakini ovaloki ilikuwa chuma tu pale pembeni, imefunikwa kanga. Pindo tukaanza kuzishona kwa mkono. Mwanga wa mchana tulikuwa nao mpaka saa kumi na mbili, na darasani hatutoki mpaka saa nane. Usiku tukawasha kandili. Nani ameshawahi kushona satini nyeupe kwa kandili anajua: masizi hayaonekani usiku, unayaona asubuhi. Ukitaka kufua, maji nayo hakuna, maana pampu zinataka umeme, na ndoo ya maji unaipanga foleni. Pasi ilikuwa ya mkaa. Jenereta tuliulizia bei, tukarudi nyumbani bila ya kuongea njiani.

Na hapohapo watu wakaacha kuleta arbuni. Nani ataagiza gauni wakati hajui harusi itafanyika kwenye ukumbi upi na kwa taa gani? Ndipo tulipolitoa kopo, tukalimwaga juu ya mkeka mbele ya kandili, tukahesabu. 65,000. Tukahesabu tena kana kwamba mara ya pili zitazaa. Vitambaa vya mabiharusi sita kati ya tisa vilikuwa bado havijanunuliwa hata futi moja.

Usiku ule tulipaswa kufanya jambo moja: kuwaendea wote tisa asubuhi yake na kuwaambia. Walikuwa bado wana muda. Wengine walikuwa na wiki sita mbele yao, wangepata fundi mwengine, wangekodi. Hatukwenda. Tuliona aibu, na tulijiambia umeme utarudi wiki hii. Kila mmoja aliyekuja kuuliza tulimwambia "limebaki kidogo". Dada zetu, tumekosa mengi katika biashara ile, lakini ile "limebaki kidogo" ndiyo tunayoiombea maghfira khasa. Kula arbuni tulikula kwa ujinga. Kusema uongo hatukusema kwa ujinga.

Mwenye duka moja la vitambaa Darajani alitukopesha, Allah amlipe. Watano tuliwamalizia, tumekesha, macho mekundu. Nusu zao zilizobaki zikaenda moja kwa moja kwa mwenye duka. Mmoja gauni lake lilifika saa nne usiku, wageni wameshaondoka, akalivaa kwa ajili ya picha tu. Wawili walisogeza mbele harusi zao kwa sababu ya giza, wakataka arbuni yao, na sisi tukawajibu kwa ushujaa wote kwamba arbuni hairudi.

Hapo tusimame kidogo. Sisi mafundi tunalisema hilo "arbuni hairudi" kama vile ni aya. Baba wa mmoja wa mabiharusi wale alitupeleka kwa ustadhi wa mtaani. Ustadhi akatueleza kwamba wanavyuoni wamekhitilafiana: katika madhehebu ya Imamu Ahmad bin Hanbal muuzaji ameruhusiwa kubaki na arbuni mnunuzi akighairi, ama sisi Mashafi, na wengi wengine pamoja nasi, tunaizuia. Halafu akatuuliza, "Na hata tukiyaacha hayo, gauni liko wapi? Mngekuwa mmeshalikata tungelizungumza." Akatukumbusha kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Sisi tulikuwa tunaisoma tangu chuoni, tunajua na pa kuvuta pumzi. Daftari hatukuwa nalo.

Wa tisa ndiye tunayemuota mpaka leo. Harusi yake ilikuwa Ijumaa mwezi wa Januari. Gauni lake tulilimaliza, la mwisho na zuri kuliko yote, vijiwe tumevishona kimoja kimoja. Alkhamisi usiku tukalipiga pasi. Cheche ya mkaa ikaruka, ikatua kwenye satini ya mbele, juu kidogo ya goti, na kabla hatujaondoa pasi lilikuwa tundu la ukubwa wa shilingi. Kitambaa cha kukatia kipande kipya hatukuwa nacho, kwa sababu tulinunua kile kilichotosha tu, kwa mkopo.

Lakini mama yake alikuwa ameshakuja mapema siku ile ile, mchana, kabla ya hilo. Alifika na buibui lake, akakaa barazani, akakataa kuingia ndani. Akasema, "Wanangu, mimi sikuja kugomba. Mwanangu kaniambia kila akija mnamwambia limebaki kidogo. Nimekuja kuiangalia pesa yake. NioneshenI kama ni kitambaa, nioneshenI kama ni noti, nitaondoka."

Tukamwambia pesa inazunguka, mama, ndiyo biashara. Tukamuonesha gauni, maana siku ile lilikuwepo. Akalishika, akalitazama mishono, akatuombea dua. Alitusamehe kabla hatujamkosea, na usiku wake tukalichoma.

Biharusi yule alivaa gauni la wifi yake, mwanamke mnene, likabanwa nyuma kwa pini nane. Tunajua ni nane kwa sababu tulizibana sisi. Tulikwenda wenyewe Ijumaa asubuhi, tukapiga magoti nyuma yake, na hakuna aliyetusemesha chumbani mle. Kungwi wake tu alisema, "Msimchome."

Umeme uliporudi Machi tuliuza ovaloki kwa 210,000. Tulikuwa tunadaiwa 340,000: arbuni mbili za walioghairi, na ya huyu wa tisa pamoja na 70,000 alizolipa kwa wifi yake kufuliwa na kurekebishiwa gauni lake baadaye. Iliyobaki tulilipa kwa kupunguza suruali na kushona sare, mpaka Ramadhani ya 2010. Mwenzetu mwenye charahani aliitaka charahani yake. Mmoja akasema ni ya biashara na deni halijaisha, yeye akasema ni ya shangazi. Ugomvi ule uliumiza kuliko deni, na ungezuilika kwa mstari mmoja wa kalamu. Akaichukua. Leo yupo Muscat, ana watoto wanne, tunazungumza kila Idd na hakuna anayeitaja charahani.

Wawili tuliobaki tulimaliza kozi, tukaajiriwa kwa mafundi wengine miaka mitatu, ndipo tukafungua tena. Watu hutuambia mara ya pili tulikuwa na mtaji. La. Mara ya pili tulikuwa na visanduku viwili. Cha kwanza ni cha mabiharusi. Kila arbuni ina bahasha yake, jina juu, tarehe ya harusi, na humo hutoki ila kununua kitambaa cha mwenye jina, na tunakwenda naye dukani siku ile ile kila inapowezekana, ili pesa igeuke kitambaa mbele ya macho yake. Kisanduku cha pili ni chetu, na hakipati kitu mpaka gauni litoke mlangoni. Miezi mingi ya mwanzo cha pili kilikuwa kitupu kabisa, tulikula kwa marekebisho ya zipu. Anayetaka kukua haraka hataupenda utaratibu huu. Kazi zaidi ya sita kwa mwezi hatuchukui, na gauni linakuwa tayari siku kumi na tano kabla. Tumepoteza wateja wengi kwa hilo, wakaenda kwa wanaosema ndiyo.

Kila semina ya wajasiriamali wanawake huanza na Bibi Khadija radhiyallahu anha, kwamba alikuwa mfanyabiashara mkubwa Makka, basi makofi. Husikii alifanyaje. Alimkabidhi mali yake aende nayo Sham mtu aliyekuwa akijulikana kwa uaminifu kuliko wote, Mtume wetu swalla Allahu alayhi wasallam, kabla ya utume. Na pamoja na uaminifu huo bado alimtuma Maysara, mtumishi wake, aende safari ile, na Maysara aliporudi alimueleza aliyoyaona. Hakuna aliyeona amevunjiwa heshima. Sisi watatu tuliona kuulizana hesabu ni kutukanana.

Na nyinyi mabiharusi, msione haya. Ukimpa fundi arbuni taka risiti, taka tarehe iandikwe, na baada ya wiki mbili muulize kama yule mama: nioneshe kitambaa changu. Fundi mwenye nacho hatakasirika. Atakufungulia kabati.

Binti wa chuo alisikiliza yote hayo bila ya kugusa juisi yake. Tulidhani ameudhika. Jumamosi akarudi na mwenzake mmoja. Wa tatu hakuja, alisema ana mtihani. Walifungua kompyuta, tukafungua daftari, tukahesabu kama tulivyohesabu kwenye mkeka, ila safari hii taa ilikuwa inawaka. Kati ya arbuni kumi na moja, fedha iliyokuwepo ilitosha nne. Nyingine zilikwenda kwenye matangazo, kwenye fulana zenye jina la kampuni, na kwa fundi mmoja waliyemlipa yote mbele, ambaye simu yake haipatikani.

Mwenzake akaanza kulia. Akasema wasubiri kidogo, wapo kwenye mashindano fulani ya biashara changa, wakishinda watalipa wote. Tukamwambia mashindano yashindwe au yasishindwe, simu zipigwe leo. Gauni la aliye karibu kuliko wote, harusi yake siku kumi na tisa, tutalishona sisi, walete pesa ya kitambaa tu. Waliobaki waambiwe ukweli wachague wenyewe: kusubiri, au kurejeshewa kidogo kidogo kwa maandishi.

Alasiri iliadhiniwa, tukaswali, tukarudi mezani. Binti akaiweka simu katikati yetu, sauti ya juu, akabonyeza jina la kwanza. Mkono ulikuwa unamtetemeka. Ikalia mara mbili.

"Waalaykumu salaam," biharusi akapokea. "Mmenitangulia tu, nilikuwa nakutafuteni leo leo."